Ufuko wa Magadi na Salamu za Mlangoni

Siku ya kuniaga mlinunua keki, mkanisimamisha niseme neno. Nikasema asanteni sana, nikaketi. Najua mlidhani machozi yamenizuia. Hayakuwa machozi. Neno nililokuwa nalo halikuwa la kusemwa mbele ya watu walioshika keki mkononi. Wiki iliyofuata mmoja wenu akanipigia simu akaniomba niandike kumbukumbu zangu, ziwekwe ofisini kwa ajili ya waongozaji wapya. Basi nimeandika. Mishahara sitaitaja kwa kuwa haina la kusimuliwa, ilikuwa midogo. Vyeo pia nitaviruka, na sababu ya kuviruka mtaiona mbele.

Nilihamia Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini kutoka Bungoma, nikimfuata mume wangu aliyepata kazi kwenye kiwanda cha saruji. Kitengela ya wakati huo ilikuwa stendi, mabucha, mbuzi na vumbi. Kampuni yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbao na mabati. Mwenye kampuni tulimwita Bosi, mtu wa Murang'a aliyewahi kufanya kazi hotelini. Huko aliona wageni wakilipa ili watembezwe kwa miguu, akaamini kwamba siku moja Wakenya nao watalipa. Watu walimcheka wazi, wakiwemo mashemeji zake. Mimi niliajiriwa kupokea simu. Kwa kuwa simu haikulia, nikapelekwa kutembea.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa Milima ya Ngong. Tulipandia upande wa mji wa Ngong tukafuata mgongo wa milima kilele kwa kilele, tushukie upande wa Kiserian. Kundi lilikuwa la makarani tisa wa benki, wawili kati yao wamevaa viatu vya kanisani. Upepo wa juu kule hauna adabu. Kabla ya kilele cha pili ulikuwa umechukua kofia nne. Tulipokaribia kushuka tukakutana na mzee anayechunga kondoo, akatusalimu vizuri kisha akauliza:

"Mnaenda wapi?"

"Kiserian, mzee."

"Si kuna gari?"

"Iko, lakini sisi tunatembea tu."

Akatutazama mmoja baada ya mwingine, uso ukamlegea kwa huruma. "Poleni. Ni nani amekufa?"

Swali hilo nimeulizwa kwa namna nyingi katika miaka yangu yote ya kazi. Jibu zuri bado sijalipata. Mkilipata ninyi, nijulisheni.

Aliyenifundisha kazi si Bosi. Ni Parsaloi. Wengi wenu hamkumkuta, wala jina lake hamjawahi kulisikia ofisini, na hilo ni kosa langu. Alikuwa Mmaasai wa upande wa Magadi, mwembamba, umri wake wakati huo ukikaribia hamsini. Hakuwa na saa. Alikuwa na fimbo, shuka nyekundu na akala, yale makubadhi ya tairi la gari. Kila palipokuwa na kundi alitungoja Kiserian kando ya barabara, na sijawahi kusikia kwamba alichelewa.

Alikuwa na desturi moja. Asubuhi kabla ya kuanza kutembea alisimama kwenye mlango wa basi, na kila aliyeshuka akampa mkono. Si salamu ya haraka. Alishika mkono, akatazama uso, kisha akatazama miguu inavyokanyaga ngazi. Mwisho wa safari alisimama tena palepale, akawapa wote mkono wakipanda. Mkono wa mwisho ukishapita ndipo naye alipanda. Akikosa mkono mmoja alijua ni wa nani. Majina hayakukaa kichwani mwake hata kidogo, lakini alikuambia, "Yule anatembea kama anaficha kitu kwa mfuko, bado." Nasi tukangoja, na kweli mtu huyo alitokea nyuma ya kichaka akifunga mkanda.

Mwanzoni nilidhani ni adabu za kwao tu. Siku moja nikamuuliza:

"Mzee, leo wako wangapi?"

"Wako wote."

"Wote ni wangapi?"

"Wote ni wote, mama."

Nilicheka. Nisingecheka kama ningemkumbuka nyanya yangu Bungoma, ambaye hakuruhusu mtu kuhesabu watoto wake. Ukimuuliza wako wangapi, alijibu, "Wapo." Lakini mimi nilikuwa nimesomea ukarani, na mambo ya nyanya nilidhani nimeyaacha langoni mwa chuo.

Sasa Magadi. Watu wa Mombasa wana bahari yao, na Bosi hakupenda kushindwa. Aliandika karatasi za matangazo zenye maneno makubwa: MATEMBEZI YA UFUKWENI, JUA TELE, KAJIADO. Hakudanganya. Ziwa Magadi lina ufuko, na jua liko la kutosha na kubaki. Kundi la kwanza lililosoma tangazo lile lilifika na nguo za kuogelea, na dada mmoja alibeba boya la mtoto. Nikawaonyesha ziwa. Ni uwanja mweupe wa magadi, yale yale mama zetu hutia kwenye mrenda na maharagwe yalainike. Mahali pengine pana rangi ya waridi, na mbali kule maji ya kina kifupi yenye heroe, wale ndege wa miguu mirefu. Harufu yake ni ya yai lililosahauliwa. Dada yule alilipuliza boya lake hata hivyo, akalikalia wakati wa chakula. Nilimheshimu.

Ufuko ule una masharti yake, nayo nilifundishwa na Parsaloi. Anza kutembea jua likichomoza, na ifikapo saa sita uwe umeondoka. Kila mtu abebe lita tatu za maji, si chupa ya soda. Kofia pana. Viatu vilivyoshonwa, visiwe vya kugundishwa kwa gundi. Hilo nilijifunza kwa taabu: buti nilizopewa na Bosi zilifunguka nyayo zote mbili katikati ya ufuko, joto la ardhi likiwa limeyeyusha gundi. Parsaloi alicheka mpaka akaegemea fimbo. Kisha akakata kipande cha kamba ya shanga zake mwenyewe, akanifungia. Juma lile lile nilinunua akala sokoni Kiserian, na nimestaafu nikiwa na jozi ya sita.

Sharti kubwa ni la ganda. Juu ya ziwa kuna ganda la magadi, na chini yake tope la moto linalounguza ngozi. Parsaloi alitangulia akigonga kwa fimbo na kusikiliza. Ukisikia mlio mkavu, pita. Ukisikia kama umegonga mtungi wa maziwa uliojaa nusu, zunguka hata kama mzunguko ni mrefu. Nilichukua karibu mwaka mzima kujifunza kutofautisha milio hiyo miwili. Haiandikiki. Nendeni mkagonge wenyewe.

Mwaka wa pili au wa tatu, Bosi alirudi kutoka mkutano wa watu wa utalii akiwa na kijimashine cha chuma kinachoingia kiganjani. Ukibonyeza, kinalia tik na namba inasonga. Alisema kampuni ya maana huhesabu watu wake. Akachapisha na fomu: Walioondoka, Waliorudi, Aliyehakikisha, Maelezo. Nilikipenda kijimashine kile. Kilinifanya nijione mtu wa kazi, si mtembezi.

Parsaloi hakukipenda. Alikishika kwa vidole viwili, akakibonyeza mara moja, akanirudishia.

"Inalia kama mdudu."

"Ni ya kuhesabu watu, mzee. Ndio wasipotee."

"Mtu hapana hesabu. Hata ng'ombe hapana hesabu. Ng'ombe unajua na rangi yake, na pembe, na vile anatembea. Ukihesabu, wewe unajua namba tu." Akafikiri kidogo. "Namba hapana potea, mama. Mtu ndio anapotea."

Niliona ni maneno mazuri ya mtu ambaye hakwenda shule. Kwa miezi mingi tukafanya yote mawili, yeye mkono, mimi tik, na majibu yakalingana kila siku. Hapo ndipo kosa lilipoanza. Yalilingana mno, nikaona mkono ni kupoteza muda.

Siku ninayotaka kuwaeleza tulikuwa na kina mama wa kanisa kutoka Kitengela, ishirini na wawili, wote wamejifunga vitambaa vyeupe vya chama chao. Mmoja aliitwa Mama Njeri, mwalimu mstaafu mwenye goti la kushoto bovu. Alikuwa amesikia kwamba chemchemi za moto kule mwisho wa ziwa huponya magoti, na hakuficha kwamba ziwa lenyewe halimhusu. Kwenye basi alikaa kiti cha nyuma kabisa peke yake, anyooshe mguu. Aliposhuka asubuhi Parsaloi alimpa mkono, akatazama mguu, akamwambia, "Pole na goti." Mama Njeri akashangaa amejuaje.

Tulitembea vizuri. Waliimba njia nzima, na kwa kweli heroe waliondoka mapema kuliko kawaida. Tulipofika chemchemi, Kimeu, dereva wetu, alikuwa ameshazungusha basi na kutungojea. Kina mama wakavua viatu wakatia miguu majini. Mama Njeri alikwenda mbele zaidi, nyuma ya mawe, akatafute maji ya kuingia mpaka gotini bila kutazamwa.

Wakati huo akaja mama mmoja wa tawi la kanisa lao pale mjini Magadi, na thermosi ya chai, kuwasalimu wenzake. Naye alikuwa na kitambaa cheupe vilevile. Akaniuliza kama anaweza kupata lifti mpaka Kiserian. Nikamwambia apande tu, nafasi ipo.

Saa tano na nusu jua likawa kali hasa. Kina mama wakaanza kulalamika kwamba basi limesimama juani, na kweli viti vilikuwa vinachoma. Parsaloi akaenda kusimama mlangoni kama kawaida yake.

"Mzee, leo wacha," nikamwambia. "Nitahesabu."

"Mkono ni kidogo tu, mama."

"Hawa wamama wataanguka na hii jua. Wacha. Na kwako si ni hapa tu? Enda nyumbani, usipande mpaka Kiserian bure. Tutaonana safari ijayo."

Akarudi nyuma hatua moja. Nilihesabu kutoka mbele kwenda nyuma, vitambaa vyeupe, tik, tik, tik. Kiti cha nyuma kabisa kulikuwa na kitambaa cheupe kimeinamia dirisha, nacho kikapata tik yake. Ishirini na mbili. Nikaandika kwenye fomu. Kupitia dirishani nilimwona Parsaloi akishika njia ya nyumbani kwake, fimbo mabegani.

Kutoka ziwani mpaka Kiserian ni mlima mrefu, na kwa basi letu lile yalikuwa masaa mawili. Kina mama wengi walilala. Kiserian mama wa tawi la Magadi akashuka kutoka kiti cha nyuma, akanishukuru, akanibariki. Wengine walishuka kunywa chai, wakapanda tena. Nikabonyeza. Ishirini na moja.

Nilibonyeza mara ya pili, na mara ya tatu. Kijimashine hakikukosea hata mara moja siku ile, hata kule chemchemi hakikukosea. Kisha mama mmoja akageuka kutazama kiti cha nyuma, akasema, "Na Mama Njeri ako wapi?"

Niliwaacha kina mama kwenye kanisa moja pale Kiserian, tukageuza basi mimi na Kimeu. Simu za mkononi hazikuwepo. Simu ya kupiga ilikuwepo mjini Magadi, lakini ningempigia nani? Nilijua ufuko ule saa nane mchana ukoje, na nilijua mtu wa miaka zaidi ya sitini mwenye chupa moja ya maji anaweza kukaa pale kwa muda gani. 

"Madam," Kimeu akasema tulipopita Olorgesailie, nusu ya njia, "wewe omba. Mimi wacha niendeshe."

Tulifika chemchemi yapata saa kumi. Hapakuwa na mtu. Kwenye mawe kulikuwa na chupa yake, tupu. Nikapanda juu ya basi, nikatazama ziwa lote lile jeupe, macho yakiuma. Mbali, ndani kabisa ya ganda, niliona kitu chekundu.

Ilikuwa shuka ya Parsaloi. Alikuwa amechomeka fimbo kwenye ufa, akaining'iniza shuka juu yake iwe kivuli, na chini ya kivuli kile amelala Mama Njeri. Parsaloi mwenyewe alikuwa amesimama upande wa jua, kifua wazi, ili shuka ifunike vizuri. Nilikwenda kwao, Kimeu nyuma yangu, nikikanyaga alipokanyaga yeye.

Mambo yalikuwa hivi. Mama Njeri alifumba macho majini, goti likaacha kuuma kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akapitiwa na usingizi. Alipozinduka, basi lilikuwa linaondoka. "Niliwapungia leso," aliniambia. "Nilipunga sana." Akaona vumbi la basi likizunguka ziwa, akadhani akikata katikati atalikuta upande wa pili. Ganda likamkubali kwa muda, kisha likafunguka, na mguu wake mzima, ule wa goti zuri, ukaingia kwenye tope la moto.

Parsaloi alikuwa amefika karibu na nyumbani kwake aliposimama. Mkono wa mama wa goti hakuwa ameushika. Wala mikono mingine hakuishika wakati ule wa kupanda, lakini aliniambia kwamba miguu ya wengine aliiona ikipanda basi. Mguu ule hakuuona. Akageuka. Alikuta alama za mtu anayeburuta mguu wa kushoto zikielekea ndani, akazifuata akigonga. Alimvuta, akamwosha mguu kwa maji yake yote ya kunywa, akabaki naye. Hakuweza kumbeba juu ya ganda, wala kumwacha akaite watu.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Mama, lete maji." Tulimbeba sote watatu, tukikanyaga nyuma ya fimbo yake. Tulipofika kwenye basi alisimama mlangoni, akampa mkono Mama Njeri, akampa Kimeu, akanipa mimi. Kisha akaenda nyumbani.

Mama Njeri alilazwa siku chache, mguu ukapona ukabaki na kovu. Familia na mchungaji walikuja ofisini wakitaka kujua nani alihakikisha kundi. Bosi akaniwekea fomu mezani, akasema niandike Maelezo. Mume wangu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani mwezi ule, na mtoto wetu ndiyo kwanza ameanza darasa la kwanza. Sababu huwa hazikosekani. Niliandika: "Mwongozaji Parsaloi aliondoka kabla ya kundi kuondoka." Sentensi ile haina neno la uongo hata moja. Haisemi ni nani aliyemwambia aondoke, wala ni nani aliyemtoa mlangoni.

Bosi alisoma, akatikisa kichwa. "Nilijua tu. Mtu bila saa." Parsaloi hakuitwa tena. Safari iliyofuata tulimwona kando ya barabara pale Kiserian, amesimama na fimbo yake akitungoja, na Bosi mwenyewe ndiye aliyeshuka kuzungumza naye. Mimi nilibaki ndani nikipanga chupa za maji. Mwezi huohuo nikafanywa mwongozaji mkuu. Hicho ndicho cheo changu cha kwanza, na vingine vyote vilipandia juu yake. Ndiyo maana siku mlizoulizana nani amepanda cheo, mliniona nikitoka nje.

Kijimashine nilikifungia kwenye droo. Safari iliyofuata nilisimama mlangoni, nikatoa mkono. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Miaka ya elfu mbili mnaijua wengi wenu. Simu zilikuja, Wakenya wakaanza kulipa wenyewe ili watembee, na Bosi akafa akiwa mtu aliyesadikiwa. Njia zetu za Kitengela ziliuzwa ploti kwa ploti; kila msimu tulikuta seng'enge pale tulipopita msimu uliopita. Kule Matasia, karibu na Ngong, kulikuwa na mama mmoja aliyetuona tukizunguka ua wake mpya, akatufungulia geti tukatokea upande wa pili kupitia shamba lake la sukuma wiki. Baadaye akawa anatuuzia chai.

Na mnakumbuka ule ukungu wa Ngong, tulipopanda basi kila mtu akisema twendeni, mimi nikakataa kwa kuwa mkono wenye kovu kwenye kidole gumba haukunifikia. Tulimkuta kijana yule amekaa ukingoni mwa korongo, kifundo kimeteguka, sauti imemkauka kwa kuita. Baada ya siku ile mlipaka rangi ukuta wa ofisi, mkaandika: SHERIA YA MADAM, MKONO KWA KILA MTU. Mkanipigia makofi. Nilisimama chini ya ukuta ule nikapigwa picha.

Magadi tulikwenda mara nyingi katika miaka hiyo. Kila mara nilipanga njia ya ufuko wa mashariki. Mliniuliza kwa nini tusipite magharibi, kuna kivuli zaidi, nikawaambia ganda la huko ni baya. Ganda la huko ni zuri. Huko ndiko kwa Parsaloi.

Naomba mambo mawili. Jina langu likwanguliwe ukutani, liandikwe la mwenye sheria. Na ile fomu bado iko kwenye kabati la chuma, faili la kijani. Nimeongeza chini yake sentensi niliyoiacha, nikatia sahihi. Msiitoe.

Hapo ndipo nilipokuwa nimemaliza. Ukurasa huu nimeuongeza baadaye, kwa sababu kabla ya kuwaletea niliona haifai ninyi msome kwanza. Nilikwenda Magadi, nikachukua bodaboda, nikamwambia kijana apite njia ya magharibi.

Parsaloi alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta wa nyumba, jicho moja limefunga utando. Binti yake mkubwa, Naserian, alinikaribisha bila tabasamu nilipotaja nilikofanya kazi. Nilisogea, naye mzee akainua uso.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikajibu kama alivyonifundisha zamani.

Akanyoosha mkono, akaushika wangu, akakaa nao. Akatazama miguu yangu kwa lile jicho zima. Kisha akaanza kucheka kidogo kidogo. "Huyu ni ule mama wa viatu ilifunguka."

Nilimwambia nimeleta maandishi, nikaomba nimsomee. Nilisoma yote mliyosoma ninyi, mpaka kwenye faili la kijani. Sikuinua macho. Nilipomaliza, mbuzi walikuwa wakipita kati yetu na uzio.

"Mama wa goti," akauliza. "Bado anatembea?"

"Anatembea, mzee. Na fimbo. Juzi alikuwa kanisa."

"Ni mzuri." Akatikisa kichwa, kama mtu aliyesubiri habari hiyo tu kwa miaka yote. Nilianza kusema niliyokuja kusema, kwamba anisamehe, lakini aliinua kiganja nikanyamaza. Akageuka akaita kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo. Naserian akatoka ndani. Wana wawili wa mzee, watu wazima wenye watoto wao, wakaja kutoka zizini wakifuta mikono. Mke wake akatoka na mjukuu mgongoni. Wakasimama mbele yangu wote, na hakuna aliyenipa mkono.

"Mama," Parsaloi akasema, "soma tena. Pole pole. Hawa walisikia ile ingine, ati mimi naacha watu."

Nikarudi ukurasa wa kwanza.